Rivasi Hadi Wema

Jamani, mimi nimefika kwa mume wangu kinyumenyume! Ngojeni, nianze mwanzo.

Asubuhi niliozwa kwetu Garsen. Kilichobaki ni kunipeleka kijiji cha Wema, kwa mume wangu Hiribae. Lakini siku yenyewe ishirini na tisa Shaabani! Mwezi ukiandama jioni kabla sijafika, Ramadhani imeingia, bibi harusi hapelekwi tena; nakaa kwa mama mpaka Mfungo Mosi. Mke wa mtu, mwezi mzima nasugua masufuria ya mama!

Gari ni vani ya mjomba Tahir. Feni ya rejeta ilikuwa imekatika mapanga, mpya ikaja na basi kutoka Malindi, nyekundu, imepakwa rangi upande mmoja tu. Mjomba akaifunga mwenyewe, akakaza bolti, akavuta mkanda.

"Upande mzuri nimeutazamisha mbele," akasema. "Wakwe wakifungua boneti, waone sisi si watu ovyo."

Tukaondoka. Mimi nyuma na shangazi Mwanatumu, nimefunikwa mpaka kucha, kimya, kama bibi harusi atakiwavyo. Nusu ya njia, mvuke! Maji ya debe yote yakaishia kwenye rejeta, bado inachemka.

"Tahir, hili gari au sufuria ya pilau?" shangazi akauliza.

"Pilau utaijulia wapi, Mwanatumu? Yako huungua."

Mara ng'ombe wakajaa njiani. Mchungaji wao, Guyo, Muorma mrefu, akachungulia.

"Gari yako gonjwa, mzee. Natoa moshi mdomoni."

Mjomba akarudi nyuma, polepole, mbali sana, ng'ombe wapite. Alipofika mwisho nikaona mshale wa joto umeshuka! Nilishindwa kuvumilia. Nikaruka chini na buibui langu, nikashika kanga mbele ya rejeta. Badala ya kunyonywa ndani, ikanipiga usoni.

"Mjomba! Feni umeifunga kinyume! Inapuliza nje, upepo wa njia unaingia, vinapigana!"

"Wee! Bibi harusi hasemi!" shangazi akalia.

"Atasema mwezi ukishaandama? Mjomba, igeuze."

Mjomba akajipapasa mifuko. "Spana iko juu ya ukuta wa mama yako."

"Basi twende rivasi. Upepo na feni vitashika njia moja."

Akageuza vani, tako likaelekea Wema. Shangazi akaziba njia. "Haendi! Hivyo atakuwa anaitazama Garsen njia nzima. Bibi harusi akitazama kwao, hurudi kwao!"

Nikapanda garini, nikapiga magoti juu ya kiti kuelekea nyuma, nikafungua milango ya nyuma. "Haya, naitazama Wema. Umeridhika?"

"Kaa hivyo hivyo. Shingo ukiigeuza, nakufinya."

Tukaenda, mjomba kichwa nje ya dirisha, Guyo anatupigia kelele: "Hii gari natembea na tako!"

Wema, wanawake walikuwa wamejipanga kupokea pua ya gari. Likaja tako, na mimi ndani yake nimepiga magoti, buibui limejaa vumbi, uso wazi. Ikabidi wazunguke mbio, vigelegele vimekatika katikati. Hiribae akacheka mpaka akakaa chini. Nikashuka, nikamshika mkono kabla shangazi hajanifunika.

Wazee walikuwa uwanjani wanatafuta mwezi. Jua likazama. Wakangoja, wakakodoa, hakuna kitu.

"Haukuandama," mmoja akatangaza. "Kesho tunatimiza thelathini."

Shangazi akamgeukia mjomba. "Kwa hiyo kulikuwa na siku nzima ya kurudi kuchukua spana."

 Mjomba alikuwa amefungua boneti, anawaonyesha wakwe rangi ya feni.