Sahani ya Uyoga

Kwa siku nzima na nusu Atumani alikuwa nyuma ya pikipiki akiyapanga maneno yake, kama anavyopanga vipande vya kitambaa kabla ya kuvishona. Kushona ndiyo kazi yake. Kanzu nyingi zinazovaliwa Ijumaa mjini Kasongo zimepita mikononi mwake. Maneno hayo yalikuwa machache na makavu: miezi saba inatosha, dada yako amepona, funga mizigo turudi nyumbani.

Mkewe, Mwanvua, alikuwa ameaga kwenda Salamabila kwa wiki mbili tu, kumwuguza dada yake Hidaya, aliyekuwa na mgahawa mdogo kule kwenye machimbo ya dhahabu. Hidaya aliinuka kitandani, wiki zikawa miezi, na Mwanvua hakurudi. Kila alipopigiwa simu alijibu, "Nipe muda kidogo, Baba Mounira," kwa sauti ya mtu aliyeacha kitu motoni. Atumani akabaki akila vyakula vya majirani, vilivyoletwa vimefunikwa kwa sahani na kwa huruma.

Walipofika Wamaza, dereva wake, Gédéon, alisimama ili injini ipoe. Wakaketi juu ya gogo, wakala ndizi za kuchoma.

"Papa, kule Salamabila usikule fasi yote," Gédéon alisema. "Karibu na soko iko marestora mingi, na muziki, na viti vya plastiki. Chakula yao ni ya jana. Wewe panda juu kidogo, uliza Mama Kasongo. Agiza wali na samaki ya moshi. Kama unakuta sombe yake ya majani ya muhogo, chukua sombe. Lakini usimuharakishe."

"Kwa nini?"

"Ule mama anapikaka huku anaimba. Ukimuharakisha ananyamaza, na chakula nayo inanyamaza."

Atumani hakusema kwamba Mama Kasongo huyo huenda ni mkewe. Alitafuna ndizi yake polepole, akatafuta katika miaka thelathini na miwili ya ndoa wimbo mmoja uliowahi kutoka jikoni kwake. Aliikumbuka harufu ya mawese, aliukumbuka mlio wa kinu, wimbo hakuupata. Alichokipata ni sauti yake mwenyewe, ikitoka kwenye cherehani adhuhuri baada ya adhuhuri: chakula bado? Haikuwa sauti ya ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa.

Waliingia Salamabila jua likiwa utosini. Mgahawa ulikuwa wa mbao, paa lake turubai, na mabenchi yalijaa wachimbaji wenye matope mekundu hadi magotini. Kabla hajaona mtu, Atumani alisikia wimbo. Kisha ukakatika. Mwanvua alikuwa amemwona.

Alikuja akijifuta mikono kwa upande wa kitenge chake. Alikuwa amenenepa kidogo, na hilo lilimuuma Atumani kuliko alivyotarajia.

"Karibu, Baba Mounira. Pole na njia."

"Nimeshapoa. Njia ni mbaya."

Mwanvua akasimama mbele yake kama alivyosimama mbele ya wateja wote. "Utakula nini?"

Atumani alifungua kinywa, na maneno yote aliyoyapanga tangu Kasongo yakakosa pa kuingia. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Chakula kilikuja, akala, kilichelewa, akauliza. Alitazama meza, akatazama mikono ya mkewe.

"Wewe unapenda nini?"

"Mimi?"

"Wewe. Ukijipikia mwenyewe."

"Uyoga. Uliopikwa kwa karanga, na ugali wa muhogo."

"Nyumbani hujawahi kupika uyoga."

"Mwaka tuliooana mama yako alisema uyoga hauingii jikoni kwake."

"Mama amefariki miaka kumi na tisa sasa."

"Ndiyo," alisema Mwanvua. Hakukuwa na hasira ndani yake. "Na wewe hukuuliza."

Atumani aliinamisha kichwa. "Basi nipikie uyoga," alisema, na neno "haraka" lililokuwa kwenye ncha ya ulimi akalimeza.

Alingoja sana. Wachimbaji watatu waliokuja baada yake walikula wakaondoka. Hakugeuka kutazama jikoni, hakukohoa, hakuipiga meza kwa kidole. Alipokwisha kuizoea njaa yake, wimbo ulianza tena, chini kwa chini, kwa Kibangubangu, lugha ya upande wa mama yake Mwanvua. Hakuelewa hata neno moja. Aliusikiliza hadi mwisho.

Sahani ilipofika, alinawa, akamega tonge, akachovya. Uyoga ulikuwa laini na mzito, wenye harufu ya msitu ulionyeshewa, na karanga zilibaki ulimini hata baada ya kumeza.

"Umekuja kunichukua," Mwanvua alisema.

"Nilikuja kukuchukua."

"Na sasa?"

Atumani akamega tonge jingine. "Sasa ninakula."

Mwanvua alimtazama hadi alipochovya. Kisha akavuta benchi, akaketi upande wa pili wa meza, akanawa, akapeleka mkono kwenye sahani ile ile. Pembeni, mchimbaji mmoja aliomba maji.

"Yanakuja, baba," alijibu bila kugeuka, akamega tonge la pili.