Risala kwa Mgeni wa Saa Tatu na Nusu

Shangazi Euphrasia alinipa mimi kazi ya kuandika risala kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Shule nimeishia darasa la saba, lakini mwaka ule wa kumaliza ni mimi niliyesoma risala ya wahitimu mbele ya diwani, kwa hiyo mpangilio wake naujua: shukrani, mafanikio, changamoto, mwisho maombi.

Safari hii ilikuwa risala ya kufungua mgahawa wake hapa Sterling, Virginia. Miaka sita tulipika kwenye trela, tukiwauzia wajenzi wa data senta, yale majengo ya kompyuta za intaneti. Sasa alikuwa amepata chumba katika safu ya maduka, jirani na kinyozi, na trela tulishaiuza. Kilichobaki ni kibali cha mkaguzi wa afya, aliyesema atakuja saa saba mchana. Bila kibali tusingeuza hata kikombe cha chai. Mgeni rasmi, mtu kutoka ofisi ya mbunge wa bunge la Virginia, angekuja saa nne asubuhi.

"Andika tunaishukuru serikali ya jimbo," Shangazi aliniambia. "Ndio waliosamehe makampuni kodi ya mitambo. Makampuni yakaja, yakaleta wajenzi, wajenzi wakala wali wangu. Na mtu ukimshukuru vizuri hukumbuka kusukuma karatasi zako."

Simiyu alicheka akiwa juu ya ngazi. Ni fundi umeme, Mkenya wa Bungoma, mteja wetu tangu wiki ya kwanza ya trela, na siku hiyo alikuwa anatufungia taa.

"Mama Euphrasia, kwani kodi ndio inakula wali? Nyaya za intaneti zililala chini ya ardhi hapa kabla hiyo sheria haijazaliwa. Bosi wangu kwao ni kusini kabisa. Jimbo ni hili hili, sheria ni hii hii, na mpaka leo kwao ni tumbaku na kulungu tu."

"Na Maryland je? Si ng'ambo ya mto tu hapo? Wao walichelewa kusamehe, majengo yakaota huku. Shuka, Mkenya wewe, utaniangushia taa."

"Nikishuka saa hii mtakula gizani."

"Tutakula. Mkono haupotei njia ya mdomoni."

Nilikaa na daftari siku tatu. Nilipofika nchi hii, mbele ya trela yetu palikuwa na uwanja wa majani. Asubuhi moja nikaona vijiti vimechomekwa, vina utepe wa rangi ya waridi. Baadaye mfereji, na mabomba ya rangi ya machungwa yakiingia ardhini. Halafu kuta, zikiinuliwa nzima nzima na kreni, na watu chini yake wadogo kama siafu. Jengo likatokea refu kuliko shamba lote la kahawa la babu yangu Karagwe, wala halina dirisha. Lina mngurumo wake. Ukiweka kiganja juu ya meza ya trela uliusikia ukipanda mfupani. Asubuhi za baridi mvuke ulipaa juu ya mapaa mengi kwa pamoja, ungedhani nchi nzima imebandika chai. Siku Simiyu aliponiambia kwamba pengine hata sauti ya mama yangu, akinipigia, inapita mle ndani, niliacha kunywa. Nililitazama lile jengo mpaka uji wangu ukapoa.

Sasa kitu kama hicho unasemaje nani amekileta? Niliandika: tunaishukuru serikali ya jimbo kwa kutuletea maendeleo haya. Nikasoma. Nikafuta. Mtu wa serikali sikuwahi kumwona ameshika koleo. Lakini barabara ya lami nayo haikujitandika yenyewe. Nikaandika nilichokiona.

Siku ya ufunguzi, saa tatu na nusu, aliingia mzungu wa makamo mwenye tai, kitambulisho shingoni na mkoba mweusi. Shangazi hakuuliza. Alimvika taji la maua ya karatasi, akamtandikia kitenge mabegani, akamkalisha kwenye kiti cha mbele. Yule bwana alifungua mdomo mara mbili, vigelegele vya waalikwa vikaimeza sauti yake. Mimi nikaona kwenye mfuko wa mkoba kimechungulia kipimajoto, aina ile ile tuliyokuwa tunachomeka kwenye kuku.

"Shangazi," nikamnong'oneza, "huyu ni yule wa..."

"Soma, Vaileth."

Nikasoma, Simiyu akitafsiri sentensi baada ya sentensi.

"Ndugu mgeni. Sisi ni watu wa jikoni. Tumeambiwa tuishukuru serikali ya jimbo kwa kukua kwa mji huu, na huenda inastahili. Wengine wanasema ni kodi, wengine ni nyaya. Sisi tulichokiona ni vijiti vyenye utepe, kisha mfereji, kisha watu wenye njaa. Aliyewatuma wenye vijiti hatukumwona. Kama ni wewe, asante. Kama si wewe, tunaomba umfikishie. Changamoto yetu ni moja, kibali."

Kwenye karatasi ombi lilikuwa tusaidiwe kukipata upesi. Nilimtazama yule bwana, nikasema lingine. "Na ombi letu ni moja, uangalie jiko letu kwa haki."

Shangazi alinitazama kama niliyemwaga sufuria.

Mgeni akasema kwa upole, Simiyu akafuata. Yeye ni mkaguzi wa afya. Mtu wake wa asubuhi aliahirisha, akaona atuwahi. Baba yake alikamua ng'ombe pale palipo na jengo lile refu, na mpaka anakufa alikuwa akiuliza swali hilo hilo, nani amelileta. "Mimi napima joto tu," alimaliza.

Akavua taji, akakunja kitenge vizuri, akaenda kunawa. Sinki la kunawia lilikuwa limejaa maua. Shangazi aliyaweka majini yasinyauke kabla mgeni rasmi hajafika. Mkaguzi akasimama mikono hewani. Katika jiko la huku sinki hilo haliwekwi kitu chochote, na sote tulilijua hilo.

Niliyabeba maua kwa mikono miwili, maji yakinichuruzika kifuani. Nikafungua bomba la moto. Maji yakaja baridi. Tukasubiri, watu ishirini, tukitazama uzi ule wa maji, mpaka mvuke mdogo ukainuka. Akaweka kipimajoto, akaandika. Akaenda kwenye friji, akaandika. Kosa la maua nalo aliliandika, na mbele yake: limerekebishwa papo hapo. Akatia sahihi, akamkabidhi Shangazi kibali, akaondoka bila kugusa hata maji ya kunywa.

"Sasa Mama," Simiyu aliuliza, "na huyu si serikali?"

Shangazi alikuwa anakibandika kibali ukutani kwa kiganja, polepole, kama anayempapasa mtoto mgonjwa.

Saa tano akaingia binti wa ofisi ya mbunge, akiomba radhi kwa foleni. Kitenge kile kile, taji lile lile. Nikasogea kwa Shangazi na karatasi yangu iliyolowa.

"Nisome nini?"

Alitazama nje kupitia kioo, kule mapaa yalikokuwa yanafuka.

"Hiyo hiyo," akasema. "Pale kwenye kibali uruke. Kibali tunacho."