Dawa ya Mgongo

Mkono wangu ndio ulionisaliti, na hadi leo nina hasira nao.

Ilikuwa Troyeville, mtaa mmoja wa Johannesburg, nyumbani kwa Jeannine, siku Warundi wa parokia yetu walipokuja kumwona mtoto wake mchanga, Chloé. Mtungi wa pombe ya mtama ulikuwa katikati ya sebule, na mrija ulizunguka kinywa kwa kinywa, kama ilivyo desturi kwetu Burundi. Ulipofika kwangu sikuupokea. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshanyoosha kikombe changu ili nimiminiwe pembeni.

Mimi ni Mtwa, wa kabila dogo kuliko yote Burundi. Kwetu, Mtwa haweki mdomo kwenye mrija wa wengine. Anamiminiwa kwenye chombo chake, na chombo hicho hakuna mwingine anayekigusa. Mama alinifundisha kunyoosha kikombe kabla sijajua kusema vizuri, ili nisipigwe. Johannesburg hakuna aliyejua. Wenyeji waliniona mgeni tu, na Warundi wenzangu waliniona msusi wa mjini mwenye mikono myepesi. Aliyejua ni Jeannine peke yake, tangu enzi tulipolala godoro moja na kula sahani moja. Hakujali hata siku moja. Aliponiomba niwe mama wa ubatizo wa Chloé nililia kwa furaha, maana mimi sikujaliwa mtoto, na huyu angeniita mama mbele ya kanisa zima.

Mzee Évariste, baba mdogo wa mume wa Jeannine na mkubwa wa Warundi wote pale, alikitazama kile kikombe. Kisha akanitazama mimi.

"Kwenu ni kilima gani, mwanangu?" akauliza kwa upole.

Nikamtajia kilima chetu, ambacho kila Mrundi anajua ni cha Watwa. Ningeweza kudanganya, lakini nilichoka palepale. Akatikisa kichwa, akaifuta ncha ya mrija kwa leso ingawa sikuugusa, akampa mwingine. Wanawake ambao vichwa vyao vyote vimepita mikononi mwangu wakaanza kuongea habari za mvua.

Siku chache baadaye mzee huyohuyo alikuja saluni kwangu, mchana, wakati sina mteja. Nilidhani amekuja kuomba radhi. Mjinga mimi! Alifunga mlango, akakaa, akaanza kulalamikia mgongo. Hospitali wameshindwa, akasema, lakini wazee wa nyumbani wanajua kwamba mwanamke wa Kitwa ni dawa. Ukilala naye, mgongo unapona. Aliyasema hayo bila aibu, kama mtu anayeomba panadol dukani.

Nilimfukuza na mashine ya kukaushia nywele mkononi, ikiwa bado ya moto. Sikumwambia mtu. Nilijiambia acha ubatizo upite kwanza.

Siku moja kabla ya ubatizo, Jeannine alikuja kusukwa. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa, ninamsimulia habari za gauni nililoshonesha kwa fundi mmoja Mkongo, aliponikatiza.

"Concilie, dada yangu, usinikasirikie. Mama wa ubatizo atakuwa Yolande, wifi yangu."

Vidole vyangu vikasimama.

"Ni Mzee Évariste," akasema harakaharaka. "Amesema ukisimama wewe, familia haiji. Mume wangu atambishia vipi baba yake mdogo? Eish, weye ungefanya nini? Lakini kwenye sherehe uje. Utatuchezea. Mzee mwenyewe amesema kwa kucheza ngoma hakuna wa kuwashinda Watwa, na atakutunza vizuri."

Hapo nikamwambia yote: mlango, mgongo, dawa.

"Mdomo wangu unachafua mrija wake, Jeannine, lakini mwili wangu ni dawa yake. Hebu nieleze, hiyo ni akili gani?"

Nilimwona kwenye kioo akiinamisha macho. Nilisubiri. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake, hata tusi kwa yule mzee, hata pole.

"Usilitoe hilo nje," akasema mwishowe. "Watu watasema ni weye uliyemwita. Mnajulikana."

Nikaweka kitana mezani, nikamvua taulo mabegani.

"Nenda."

"Concilie! Kichwa nusu? Kesho nisimame vipi mbele ya watu?"

"Nenda, Jeannine."

Akajifunga kitenge kichwani akatoka. Nilitegemea roho itapoa. Haikupoa. Nilifunga saluni mapema, nikaenda nyumbani nikiwatukana wapita njia kimoyomoyo, watu ambao hawakunikosea chochote.

Asubuhi nilikwenda kanisani, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Nilikuwa nimeapa kutofungua mdomo. Yolande alisimama mbele amembeba Chloé, na Mzee Évariste amekaa mstari wa kwanza, mgongo umenyooka. Padri akamgeukia Yolande, akauliza kama yuko tayari kumlea mtoto huyu katika imani.

"Niko tayari," akajibu Yolande.

"Niko tayari!" nikainuka na kuitika nami kutoka nyuma, kwa sauti iliyojaa kanisa zima.

Watu wote wakageuka, mzee akiwa wa kwanza. Mimi sikukaa. Nilibaki nimesimama, machozi yananitoka, nikikitazama kitenge cha Jeannine kule mbele. Yeye peke yake hakugeuka.