Mgeni Aliyetangulia Ndani

Homa mpya ya mwaka 2009 iliingia Kabuchai kimyakimya, kama paka anayejua maziwa yamefichwa wapi. Nakhungu, mhudumu wa afya wa kijiji, alitumwa na sista wa zahanati aulize nyumba kwa nyumba: nani anakohoa, na alikaa na nani?

Watu walimcheka. "Si wanasema ni homa ya nguruwe?" Makokha aliuliza, akikohoa mpaka machozi. "Mimi hata kuku sina, bana!"

"Jibu tu, mzee. Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kwa mama yako. Si tulimwombea safari?"

Wilkista naye, kwa mama yako. Mwalimu Hesbon, kwa mama yako. Tena yeye ndiye aliyerudi na kikohozi kutoka mkutano wa walimu mjini, akaketi bega kwa bega na mama mwenye safari. Kufika nyumba ya saba, Nakhungu aliandika tena: kwa mama yangu.

Mama yake, Edah, alikuwa ameondoka asubuhi hiyo kwenda Kitale kumwona mjukuu. Joan, mdogo wake Nakhungu, alijifungua kabla ya siku. Mtoto alikuwa na wiki tatu, mwepesi kama mkate. Na bibi wa ukoo wao hamwoni mjukuu kwa macho tu. Humpakata, akamtemea mate ya baraka kifuani.

Simu ya Joan ilikuwa imezimwa. Nakhungu akampigia Kabura, jirani wa Joan.

"Mama amefika?"

"Ndiye huyu, anafungua geti. Kuku kwapani!"

"Kabura, asiingie! Amekaa na wagonjwa."

"Ati nimzuie mama mzee mlangoni? Anilaani? Wee! Mwambie mwenyewe."

Mtoto hamwamrishi mzazi. Na kumwambia bibi asimguse mjukuu wake ni kumwita mchawi.

"Nani huyo?" Edah akauliza, simu sasa iko mkononi mwake. "Sema upesi, nangojwa na mjukuu."

"Mayi..." Nakhungu akamwita mama yake kwa lugha ya nyumbani. "Kitendawili."

"Hapa mlangoni? Haya, tega."

"Nimesafiri na mgeni nisiyemwona. Nikipiga hodi, yeye yuko ndani tayari."

"Kivuli."

"Hapana."

"Vumbi la miguu." Edah akacheka. Kicheko kikakatika katikati, kikawa kikohozi kikavu. Kimoja, kisha kingine.

Nakhungu akafumba macho. "Kimeanza lini, Mayi?"

"Jana jioni. Nilidhani ni vumbi la mahindi." Ndani ya nyumba mtoto alilia, kilio chembamba kama uzi. Edah, ambaye kijiji kizima hakijawahi kumshinda kwa vitendawili, alivuta pumzi. "Nimeshindwa. Nikupe mji gani? Chukua Bungoma."

"Sitaki Bungoma."

"Chukua na Kitale yote."

"Nipe mlango wa Joan, Mayi. Mpaka sista aseme umepona."

Nakhungu akasikia kuku akipapatika kwapani mwa mama yake.

"Chukua," Edah alisema kwa sauti ndogo. Halafu akaita: "Kabura! Usinikaribie, mama. Mwambie Joan afunge. Anionyeshe mtoto dirishani mara moja, kisha mnielekeze kwa daktari. Na huyu kuku namwacha hapa, mpokee nikishaondoka; amechoka kusafiri."

Nakhungu alifungua daftari. Akaandika: *8. Edah, mama yangu.* Chini yake palikuwa na mstari mtupu, ukingoja jina la tisa. Akaufunika kwa kiganja.