Sindano ya Pili

Mistari miwili ilijitokeza kwenye kipimo cha damu. Mkunga alikitazama, akafunga mlango, kisha akamwambia binti, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ana kaswende. Inatibika, alisema, na mimba ikiwa bado ya miezi mitano, mtoto ana nafasi kubwa ya kuzaliwa salama. Sindano tatu, moja kila wiki, bila kuruka hata moja. Huenda leo homa ikapanda kidogo, isimtishe. Ila tumbo likikaza, arudi mbio. Na aliyempa mimba naye atibiwe, la sivyo watakuwa wanatwanga maji kwenye kinu.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Tangu tumbo lionekane, shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, ndiye aliyejibu kila swali kwa niaba yake. Yeye alizoea kutazama vidole vya miguu. Siku hiyo shangazi alibaki nje, kwenye benchi, binti akichomwa sindano ya kwanza. Njiani wakirudi, binti alimwambia ni ugonjwa gani.

Jioni homa ikampanda, akatetemeka hadi kitanda kikalia. Kulipokucha ilikuwa imeshuka, lakini shangazi alishakata shauri: haendi tena.

Kijana aliyempa mimba, muosha magari, alipopelekewa habari alianza kwa kuruka kimanga, akamaliza kwa kuuliza kama sindano inauma. Binti alimjibu kwamba inauma, na kwamba Alhamisi foleni huwa fupi.

Wiki ilipotimia, binti alimkuta shangazi akitia uzi kwenye sindano ya cherehani. Akasema anakwenda zahanati.

“Dawa iliyokutetemesha vile itamwacha mtoto?” shangazi aliuliza, bila kuinua macho. “Mimi nilizika wangu, aliyetoka mfu mimba ikiwa ya miezi minane. Hakuna aliyeniambia sababu.”

Binti hakuwahi kulisikia hilo. Lakini safari hii hakutazama vidole vya miguu.

“Mimi nimeambiwa, shangazi.”

Uzi ukakosa tundu, ukakosa tena. Shangazi akauacha, akatafuta viatu vyake.

Safari hii waliingia wote wawili. Sindano ilichomwa, ikauma kama ile ya kwanza. Mkunga aliandika kwenye kadi tarehe ya kurudi, akaikabidhi. Binti aliinuka, akajitanda khanga vizuri, akamsubiri shangazi, ambaye hakuondoka pale mlangoni aliposimama.

“Na mtu mzima,” shangazi aliuliza taratibu, “naye hupimwa?”

Binti akarudi, akamsogezea kiti.