Boga la Wendell

Marlys Haugen alivunjika kifundo cha mkono mwanzoni mwa Oktoba, tena kwa jambo la kipuuzi. Aliteleza kwenye majani yaliyolowa, ngazini mwa baraza yake mwenyewe, akiwa anamfokea mumewe kwamba majani hayo yatakuja kumvunja mtu. Wendell akatupa reki, akamwinua, akampakia garini na kuendesha hadi hospitali bila kutamka neno. Ni wakati wa kurudi, mkono ukiwa umeshafungwa plasta hadi karibu na kiwiko, ndipo alipothubutu.

"Lakini kweli ulisema," alisema. "Ulisema yatamvunja mtu."

"Nyamaza uendeshe."

Alinyamaza, ila mabega yalikuwa yanamtikisika, na Marlys akageukia dirishani asionekane naye anacheka.

Kilichomuuma kuliko mfupa ni boga. Kila Halloween, watoto wa mtaa walipopita mlango kwa mlango, huyu kavaa kama mchawi, yule kama malaika, wote wakidai peremende, kulikuwa na mmoja ambaye Marlys hakumpa peremende. Huyo ni Hattie, mtoto wa nyumba ya kona, mwenye kisukari tangu akiwa mdogo sana. Mwaka mmoja Marlys alimwona akishukuru kwa adabu, kisha akishuka ngazi na kumkabidhi mama yake mfuko mzima bila hata kuchungulia ndani. Mwaka uliofuata Marlys akamfumia boga dogo la sufu ya rangi ya chungwa, la kuenea kiganjani. Tangu hapo hakukosa. Hattie aliyapanga yote dirishani kwake, na ukipita barabarani unayaona yamekaa kama wazee wa kanisa.

"Nitamwomba Bernadine wa kanisani afume," Marlys alisema jioni ile.

"Bernadine wa nini? Nitafuma mimi."

"Wewe? Wewe hata kifungo hujawahi kushona."

"Nimeendesha basi la shule maisha yangu yote, limejaa watoto, kwenye theluji ya Wisconsin. Uzi ndio utanishinda?"

Boga lenyewe si kazi ya kutoa jasho. Unafuma kipande cha mstatili, unakikunja na kushona ubavu, unakaza uzi chini, unajaza pamba, unakaza na juu. Halafu unapitisha uzi mnene katikati na kuuzungushia nje, ukivuta, mpaka boga lijigawe mapande. Kikonyo ni kijiti cha mdalasini. Marlys angeweza kulifuma huku akisikiliza mahubiri.

Wendell alizishika sindano kama mtu aliyekabidhiwa ndege hai. Kila kitanzi alikiingia akiwa amebana pumzi, uso mwekundu.

"Pumua, Wendell. Unafuma, hupigi mbizi."

"Usinisemeshe."

"Umeacha kitanzi."

"Kiko wapi?"

"Pale."

"Pale wapi, mwanamke? Pale ni pakubwa!"

Siku zilivyokwenda, kipande kilianza kunenepa. Wendell alikuwa anaokota vitanzi visivyokuwepo, na kila mstari ulizidi ule wa chini yake. Marlys alikitazama, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Hicho ni kipande cha boga au ramani ya Wisconsin?"

"Boga la mwaka huu limekula vizuri," Wendell alijibu, akaendelea.

Alhamisi Wendell alikwenda dukani kununua mbegu za ndege. Marlys alibaki peke yake na kile kipande kochini. Alikiwaza kikiwa boga, na boga hilo likiwa dirishani kwa Hattie, katikati ya mengine yaliyonyooka, watu wakipita na kusema mikono ya Marlys Haugen imekwisha. Akampigia Bernadine, rafiki yake wa kanisani, ambaye aliahidi kuja mchana ule ule arekebishe. Kisha, ili kumpunguzia kazi, Marlys akashika ncha ya uzi kwa mkono mzima na kuvuta. Alitaka kufumua sehemu iliyonenepa tu. Lakini uzi ulikimbia kitanzi baada ya kitanzi, na kwa mkono mmoja hakuweza kuvuta na kuzuia. Aliposimama kushusha pumzi, hakikuwa kimebaki kitu.

Wendell alirudi mapema. Aliukuta uzi mapajani mwa mkewe, bado una mawimbi.

"Kimefumuka," Marlys alisema.

"Chenyewe?"

Marlys aliuzungusha uzi kidoleni. Wendell aliweka mfuko wa mbegu mezani, polepole, akatoka kwenda bandani kwake. Mlango haukubamizwa. Afadhali angeubamiza.

Punde Bernadine akagonga, sindano zake zikichungulia mkobani. "Haya, liko wapi hilo jitu?"

"Rudi nyumbani, Bernadine. Nimefanya ujinga."

"Ujinga gani tena?"

"Wa kwangu mwenyewe. Nenda, nitakupigia."

Alijitupia koti begani, akavuka ua. Wendell alikuwa ameinamia mashine ya kukatia nyasi, anafungua skrubu. Mashine haikuwa na ubovu wowote.

"Nimekifumua mimi," Marlys alisema.

"Najua."

"Kilikuwa kimepinda."

"Na hilo pia najua. Nimevaa sweta zako miaka yote hii. Unadhani sijui kazi iliyonyooka inafananaje?"

"Sasa kwa nini uling'ang'ania?"

Wendell alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Yule mtoto alikuwa anapanda basi langu. Alikaa kiti cha mbele, nyuma yangu pale, mama yake aliniomba nimtazame sukari isije ikamshuka. Njia nzima ananihadithia habari za paka wake. Basi kila Halloween wewe uko mlangoni unampa boga, mimi niko sebuleni na televisheni. Mwaka huu nilitaka na mimi nisimame mlangoni. Nikiwa na kitu mkononi."

Miaka yote Marlys alidhani anapenda mpira tu. Na kumbe hakuwahi kumwita.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema. "Nilidhani naliokoa boga."

"Umeliokoa kwelikweli. Halipo."

Cheko lilimtoka Marlys kabla hajajizuia, na machozi yakafuata nyuma yake. Wendell akamvuta kifuani, plasta na yote.

"Njoo uanze upya," Marlys alisema, uso ukiwa ndani ya shati lake. "Mimi nitageuza kiti nitazame nje."

"Hutaweza."

"Utaona."

Aligeuza kiti. Kila alasiri Wendell alifuma nyuma yake, naye Marlys akamsimulia mtaa: mbwa wa mchungaji amekojolea tena mapambo ya mifupa ya plastiki ya jirani, Bernadine amenunua koti jipya na anapita mara ya pili ili lionekane. Wendell alijibu kwa maneno mawili, matatu, kisha kumi. Hawakuwa wameongea hivyo tangu alipostaafu. Mara moja moja kimya kilitanda, ikafuata "Ebo!" ya chinichini, na Marlys akauma midomo. Siku moja shingo ilianza kumgeuka yenyewe.

"Dirishani, mama," Wendell alisema.

Halloween ilikuja na baridi kali, watoto wamevalishwa makoti juu ya mabawa yao. Hattie alifika kavaa kama tarishi wa posta, mkoba begani na kofia imemfunika nyusi. Wendell alisimama mlangoni, amechomekea shati, akamnyooshea boga. Safari hii halikunenepa mno, ila pande moja lilikuwa pana kuliko mengine, na lote lilielemea kushoto.

Hattie alilipokea kwa mikono miwili. Akalibonyeza. Akanusa mdalasini. "Mbona limelala?"

"Linasikiliza," Wendell alisema.

"Nani kalitengeneza?"

Marlys akainua plasta. "Si mimi."

Macho ya Hattie yalimpanda Wendell taratibu. "Wewe, Babu Wendell? Kwa mikono hiyo?"

"Ndiyo niliyonayo, mjukuu wangu."

Hattie alifikiri. "Hili siliweki dirishani," alisema, na Marlys akashusha plasta. "Litaanguka. Litakaa kitandani kwangu, kwenye mto. Si linasikiliza?"

Akaanza kumweleza Wendell kwamba paka amezaa, na majina ya watoto wote, mama yake akipigapiga miguu barazani kwa baridi. Wendell alichuchumaa ili asikie vizuri. Marlys alishika mlango usifungwe na upepo, na hakumharakisha mtu.

Plasta ilitolewa Novemba. Marlys alirudi nyumbani akikunja na kukunjua vidole, ana hamu ya sindano zake, akamkuta Wendell kwenye kiti karibu na taa, uzi wa buluu umemzingira miguuni.

"Unafanya nini?"

"Soksi."

"Soksi? Wendell, soksi ina kisigino!"

"Usinisemeshe, nimefika pabaya."

Marlys akavuta kiti kingine, akakaa ubavuni kwake, na safari hii akaruhusiwa kutazama.