Milimita Hamsini na Nane

Asubuhi hiyo chupa ya kipimo cha mvua ilikuwa imejaa hadi shingoni, na mpimaji akaiangalia kwa unyonge, kama mtu aliyeletewa zawadi iliyokusudiwa jirani.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akilifungua kopo lile la shaba nyuma ya ofisi ya maji ya kata, kila siku saa tatu kamili. Hutoa chupa iliyomo ndani, humimina maji kwenye bilauri yenye mistari, huinama mpaka jicho lilingane na maji, kisha huandika. Watu walimbandika jina la Milimita, naye hakulichukia. Mkewe alizoea kusema kwamba mumewe hatii sukari kwenye chai kabla ya kukisawazisha kijiko kwa kidole. Alikuwa mkweli kwa namna ya kuchosha watu, na kwa siri alijivunia hilo.

Jana yake alasiri, wingu moja lilisimama juu ya paa la ofisi likamwaga maji kwa muda wa saa moja na nusu. Mitaro ilifurika, mbegu zikasombwa mashambani, barabara ikachimbika, kisha jua likatoka bila haya. Maji yote yalishuka bondeni yakaenda zake. Ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu, ambako dada yake aliishi na mama yao mzee, halikudondoka hata tone.

"Tuliona radi kwenu," dada alikuwa amemwambia kwa simu. "Tukatoa kila chombo nje, hata sufuria. Tukasimama uani kama wajinga. Limebaki pipa moja, ndugu yangu, nalo ni nusu."

Milimita alimimina, akainama, akasoma. Hamsini na nane.

Kata nzima, ng'ambo ya kilima ikiwemo, ilikuwa na kipimo hicho kimoja. Tangu msimu uanze kilikuwa kimekusanya milimita kumi na nne tu, na mpango wa maji wa wilaya haukuwa na utata: kata ambayo haikufikisha hamsini hadi leo ingepelekewa maji kwa maboza, iliyovuka ingehesabiwa kuwa imepata mvua ya kawaida. Orodha ilikuwa inafungwa leo. Hadi jana mchana walikuwa ndani yake.

Alisimama na bilauri mkononi. Hamsini na nane ilikuwa kweli tupu pale alipokanyaga, na kwa kila mtu wa ng'ambo ilikuwa uongo mtupu. Hakuwa amewahi kuichukia namba maishani mwake, lakini hii aliichukia. Akayamwaga maji kwenye maua ya ofisi, akachukua simu ya kazi, akaandika: nane. Akatuma kabla moyo haujambadilikia, kisha akampigia dada.

"Boza litafika kwenu kesho asubuhi."

"Una hakika?"

"Nimeshaandika."

"Basi ukiandika wewe, imeandikwa," dada alisema, akacheka kicheko ambacho Milimita hakuwa amekisikia tangu kiangazi kianze.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake haikufika hata mlangoni. Saa nane mchana alipigiwa na ofisa mipango wa wilaya, binti aliyewahi kuja kwake kujifunza kazi, ambaye mpaka leo alimwita mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuwa nafunga orodha, nikaiona nane yako, nikacheka peke yangu. Picha za mawingu zinasema mmepata karibu sitini. Nikajua tu, tano imekuruka. Ni hamsini na nane, siyo?"

Milimita aliyatupia jicho maua ya ofisi.

"Nimeshakurekebishia. Angekuwa mwingine ningesema kapika takwimu. Lakini wewe!"

"Mwanangu, ng'ambo ya kilima haikunyesha."

"Nakuamini. Lakini ng'ambo hakuna kipimo, mwalimu. Nitaandika nini? Nikiongeza kata moja kwa maneno ya simu, kesho nitapigiwa na kata thelathini."

"Njooni muone wenyewe."

"Tuje na nini? Gari ni moja. Na maboza yenyewe ni manne, yanakwenda kwa watu ambao hawajaona hata wingu. Wapo, mwalimu. Wanakunywa tope." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mtu akishinda njaa miezi mitatu, kisha siku moja ukampakulia sinia zima, sisi kwa hesabu zetu tunaandika kwamba amekula vizuri. Unadhani siuoni upuuzi wake?"

Milimita alitafuta mtu wa kumkasirikia, akamkosa. Akavuta pumzi.

"Ile tano haikuniruka. Nilidanganya."

Binti aliangua kicheko. "Wewe na uongo wapi na wapi! Pumzika, mwalimu. Umri huo." Akakata simu.

Alikaa kitako kwenye ngazi ya ofisi. Alimpigia dada, mtandao ukagoma. Akapiga tena, ukagoma. Kila mara alipanga maneno upya, na kila mara yalipungua, mpaka yakabaki mawili: boza haliji. Mara ya tatu simu ikapokelewa, na dada akamwahi.

"Afadhali umepiga! Baada ya kukata asubuhi nilijiambia, ubahili wa nini tena? Nimemwogesha mama. Wiki tatu nampangusa na kitambaa, sasa leo nimemwogesha mwili mzima, na nywele. Amekaa kwenye beseni anarusha maji, huwezi kuamini. Yaliyobaki nikawapa mbuzi."

"Na pipa?"

"Nimelisugua, nimelipindua juani. Sitaki boza likute uchafu."

Nyuma yake ilisikika sauti nyembamba ya mama ikisema jambo, kisha dada akacheka.

"Anasema nikwambie ananukia sabuni. Mama, nimemwambia! Anauliza kama umesikia."

Milimita aliibana simu sikioni.

"Nimesikia," alisema.